Tangazo Nililoandika Kuhusu Mama Yako

Ofisi ya Shule,
Kisiwani.
Jumatano, tarehe 9 Septemba

Mpendwa mdogo wangu Mapengo,

Pokea salamu zangu wewe, wifi yangu na watoto. Mgongo wako unaendeleaje? Natumaini umeacha kubeba maboksi ya ghalani peke yako kana kwamba kuna kikombe cha mshindi. Mimi sijambo. Presha inapanda na kushuka, lakini ikifika saa moja na nusu ofisi ya shule iko wazi na kengele naipiga mwenyewe.

Mama yako ni mzima wa mwili. Naomba usome sentensi hiyo mara mbili kabla hujaendelea. Anatembea, anafua, anafagia ua wake mpaka kwa jirani, kama kawaida yake.

Najua Jumamosi ile ulinikatia simu na sikulaumu hata kidogo. Nilipata dakika mbili tu, nikasema ni makosa ya tangazo, ukanijibu maneno ambayo siyaandiki hapa maana huenda watoto wakaisoma barua hii. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Barua haikatwi katikati.

Tena kuna jambo hujaambiwa. Jumapili, ulipoongea na mama yako akanyamaza akairudisha simu, ulidhani amenuna kwa sababu umeahirisha safari. Hakununa. Nitafika hapo, lakini nikianzia mwisho utanikasirikia bila kuelewa, na mimi nataka unikasirikie ukiwa umeelewa.

Tamasha letu la ngoma na nyimbo za asili unalikumbuka. Ulipoondoka lilikuwa vikundi vitatu na jenereta moja lenye kikohozi. Mwaka huu vilijiandikisha vikundi kumi na sita, vingine kutoka visiwa vya jirani, vingine kutoka ng'ambo, na kisiwa chenyewe unakijua, ukitoka baada ya chai unakizunguka chote na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Wageni tunawalaza madarasani. Tangu Juni nimekuwa nikihesabu mikeka, nikiomba ndoo kwa majirani, na kuwasuluhisha wapiga zeze wawili wa kikundi kimoja ambao hawataki kulala chumba kimoja kwa sababu kila mmoja anadai mwenzake anakoroma kwa sauti isiyopatana na zeze. Mwenyekiti bado ni yuleyule Fundi Spika, mtengeneza redio wa pale karibu na gati. Mimi ni katibu, kwa sababu nina mwandiko mzuri na kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali.

Mama yako ndiye hulifungua tamasha. Hapa wasomee watoto, maana wao hawayajui haya. Bibi yenu alikuwa mshona magodoro. Yeye na wenzake walikaa uani wakaipiga sufi kwa fimbo ili itanuke kabla ya kushindiliwa ndani ya kitambaa, na kazi ile ilikuwa na wimbo wake. Yeye alianzisha, wenzake wakaitikia kwa sauti na kwa fimbo. Beti ni saba. Kuna ubeti wa kutoa kokwa, kuna wa kupiga, kuna wa kushindilia, kuna wa kushona mdomo wa godoro, na wa mwisho ni wa kumtania atakayelilalia: lala wewe usiyejua, mgongo wangu umo ndani. Watu wanavuka maji kuja kumsikia. Hakuna anayemwita kwa jina lake siku hizo, ni Mama Sufi tu, na wengine ng'ambo hawajapata kumwona, wanamjua kwa sauti kutoka kwenye simu za watu.

Mwaka jana aliurudia ubeti wa tatu mara nne. Waitikiaji wake walimfuata bila kusita na watu wakadhani ndiyo ufundi wenyewe, wakapiga makofi. Mimi niliona mikono yake. Mwaka huu, mwezi wa Juni, tulipokuwa tukifanya mazoezi uani kwake, aliacha katikati, akawaangalia wale wanawake aliofanya nao kazi miaka thelathini, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hawa wamekuja kununua au kuagiza?"

Sikukwambia. Kila ulipopiga simu nilisema anasahausahau kidogo, ni uzee. Nilikuwa nakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na nadhani na wewe ulipenda kupakwa.

Kamati ilikaa. Fundi Spika alisema, "Mwache aimbe anachokumbuka. Akikwama tutaitikia hadi atakapotokea tena." Wote wakakubali isipokuwa mimi. Nilisimama nikatoa hotuba kuhusu heshima ya mzee, kwamba hatuwezi kumweka mbele ya watu mia nne akapotea. Niliongea vizuri, unanijua. Wakanielewa, au walichoka. Sasa nikuambie ambalo sikuwaambia wao. Niliona haya mimi. Yule aliyetulea sote wawili mama yangu alipofariki, niliona haya watu wamwone alivyo. Na kingine ni kwamba binti yangu alikuwa amezijua beti zote saba, na moyoni nilishamwona amesimama pale. Nafasi ya mama yako nilimpa binti yangu. Sitaki uje kuisikia kwa mtu mwingine.

Nilipaswa kumwambia mama yako mwenyewe. Kila siku nilimpelekea uji wa asubuhi nikiwa nimepiga moyo konde, na kila siku nilirudi na bakuli tupu bila kusema neno. Yeye akawa ananiuliza nguo gani avae.

Likaja suala la tangazo. Watu wa ng'ambo ilibidi wajue kabla ya kupanda kivuko kwamba Mama Sufi hataimba, wasije wakalalamika. Fundi Spika aliniambia, "Andika: mwaka huu Mama Sufi haimbi. Nukta." Nikamwambia hiyo si lugha, hayo ni maneno ya kumfukuzia kuku. Unakumbuka wewe na watoto wenzako mlivyokuwa mnaniita Kamusi kwa sababu niliwasahihisha hata mlipokuwa mnalia? Basi Kamusi akakaa chini, akachana karatasi tatu, na ya nne akaandika hivi, ninakunakilia neno kwa neno: "Kamati inawatangazia wapenzi wote wa ngoma za asili kwamba mwimbaji wetu mkongwe na mpendwa, Mama Sufi, amepumzika. Nafasi yake itachukuliwa na mwanafamilia. Karibuni nyote Jumamosi."

Lisome tena uone. Mimi nililisoma mara tano nikatafuta koma.

Hapa kisiwani halikuleta shida. Watu wanamwona mama yako kila asubuhi na ufagio, kwa hiyo walielewa kwamba amepumzika kuimba. Lakini nakala nyingine nilimpa mkata tiketi wa kivuko aitangaze kwenye kipaza sauti kila wanapovuka. Huyo mkata tiketi hata saa za kuondoka huzisoma kwa huzuni. Naambiwa alipofika kwenye "amepumzika" aliishusha sauti, akatulia, kisha ndipo akaendelea na "nafasi yake". Hakukusudia ubaya, ndivyo alivyo. Abiria mmoja akalirekodi. Kufika Alhamisi sauti ile ilikuwa imeenea ng'ambo nzima, na kutoka hapo ikakufikia wewe huko uliko.

Utauliza kwa nini hakuna aliyetupigia kuhakikisha. Walipiga. Simu yangu ilikuwa kwenye droo siku nzima, nami nilipoiona imejaa namba za viongozi wa vikundi nikajua wanauliza mambo ya mikeka. Mmoja aliandika: "Poleni sana, katibu." Nilikuwa nimetoka kusafisha vyoo vya shule kwa mikono yangu, mgongo unaniuma. Nikadhani ananipa pole ya kazi. Nikamjibu: "Asante, tunajikaza. Kila kitu kiko tayari, tunawasubiri Jumamosi." Yeye akawasambazia wenzake jibu langu kama taarifa ya familia. Mdogo wangu, nilimuua mama yako kwa neno moja, na kwa jibu lile nikapanga siku ya mazishi.

Ujumbe wako niliuona Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, nikienda gatini. "Nimepata ruhusa. Nafika Jumatatu. Msimzike kabla sijafika." Niliusoma nimesimama nikajikuta nimekaa, kwenye ngazi ya duka lililofungwa. Hapo ndipo neno lilipogeuka mbele ya macho yangu. Na mimi, kati ya watu wote, nililijua neno hilo tangu zamani. Mama yangu alipofariki nikiwa darasa la tatu, mama yako aliniambia mama amepumzika. Nilikaa mlangoni pa chumba siku mbili nikiwanyamazisha watu wasimwamshe. Nimeishi na neno hilo miaka hamsini kasoro, na bado niliona linafaa kwa sababu ni laini.

Nikakupigia. Hayo mengine unayajua. Ulipokata nilizunguka nyuma ya ofisi ya tiketi nikawa napiga tena na tena, huku nimeziba sikio moja, na kivuko kikatia nanga bila mimi kukiona. Nilipotoka gati lilikuwa limebaki na mizigo tu.

Miaka yote wakishuka hushuka wakipiga. Unawasikia kabla hujawaona. Siku hiyo walishuka kimya, ngoma wamezifunga kwa vitambaa, wanawake wamejitanda, na badala ya kwenda uwanja wa shule walimwuliza mtu wa kwanza waliyekutana naye iko wapi nyumba ya Mama Sufi. Akawaonyesha kwa kidole. Alidhani wanakwenda kumsalimia.

Mama yako alikuwa amekaa kizingitini, amevaa gauni lile la maua ya bluu ulilomtumia, amejipaka mafuta, fimbo yake ya kupigia sufi iko mapajani. Alikuwa anasubiri kuitwa. Waliotangulia ni kikundi kipya, ndiyo mara yao ya kwanza kuja, hawamjui sura. Walichoona ni nyumba ya msiba na mama mzee mlangoni. Wakampa mkono mmoja mmoja. "Pole sana, mama. Tumepokea kwa masikitiko. Mungu amlaze mahali pema." Na yeye, unajua adabu yake, alipokea kila mkono na kuitikia.

Nyuma yao wakaja wanaomjua. Walipomwona walisimama kama waliopigwa na radi. Wengine waliinamisha nyuso, wengine walirudi nyuma taratibu, na yule mpiga zeze mzee ambaye humtania kila mwaka kwamba atamposa, akageuka akaegemea ukuta akalia. Alilia kwa furaha ya kumwona hai, ameniambia mwenyewe. Lakini mtu aliyekaa kizingitini angejuaje? Aliona tu kwamba rafiki zake wa miaka mingi hawawezi kumtazama usoni.

Nilifika nikitweta. Akaniona, akaniuliza neno moja tu. "Nani?"

Mapengo, nilikuwa na jibu. Nilikuwa na kila neno analolijua mtu aliyesoma. Ningemwambiaje mama yangu mkubwa mbele ya watu wale wote kwamba ni yeye? Nikanyamaza. Si kwa muda mrefu, pengine ungehesabu hadi tano. Katika ukimya ule alitupitia sote kwa macho, mimi, binti yangu, majirani, waitikiaji wake, akihesabu nani yupo. Sote tulikuwepo. Kisha akasema, "Mwanangu," na fimbo ikaanguka.

Hana mwingine ila wewe. Hakuna mwingine ambaye angekosekana.

Tulimweleza. Usidhani hatukumweleza. Fundi Spika alipiga magoti akamwambia ni makosa ya tangazo, kila mtu ni mzima. Nami nikapata sauti nikamwambia yote, kwamba watu walidhani ni yeye aliyefariki. Akanitazama kwa huruma, ile huruma aliyokuwa akinitazama nayo nilipokuwa mtoto nikitunga uongo kuhusu glasi iliyovunjika. "Mtu hapewi pole ya kifo chake mwenyewe," akasema. "Mimi si mtoto, Kamusi. Usinifiche." Niambie wewe, hilo ungelijibu vipi? Ukweli wetu ndio ulioonekana uongo wa kipuuzi kuliko wote.

Tamasha halikufanyika. Vikundi viliposikia Mama Sufi yu hai walitaka kufungua ngoma zao, ila kilio cha mama yako kilisikika hadi uwanjani, na wazee wao wakasema hawawezi kupiga ngoma nyumba ya pili inalia, hata kama inalia kwa makosa. Fundi Spika akapanda juu ya meza akazishusha spika zake moja moja, hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Wageni walikaa kwenye madawati wakisubiri kivuko cha jioni. Miezi mitatu ya kazi, na hapakusikika hata pigo moja. Binti yangu alikuwa amekaa kwenye ngazi za jukwaa na nguo yake mpya. Aliniambia, "Mama, ungemwambia tu." Tangu siku hiyo hataki kuusikia wimbo wenyewe, sembuse kuuimba.

Sasa hiyo simu ya Jumapili. Nilipompa akasikia "Mama, ni mimi," alikusikiliza hadi mwisho. Kisha akanirudishia na kusema sauti inatengenezwa, kwani Fundi Spika ana mitambo mikubwa kuliko nyumba. Akasema pia mwanawe haongei hivyo, na hapo samahani, ana haki kidogo, kwa maana miaka saba imekubadilisha matamshi, hata mimi wakati mwingine nakuuliza mara mbili. Tukajaribu kumwonyesha uso wako kwenye kioo cha simu. Macho yake hayaoni vizuri vitu vidogo. Akasema picha anazo nyingi, hata ya marehemu baba yake anayo.

Ningekuwa na matumaini kwamba atasahau. Ni aibu kusema, lakini nimeomba asahau, kwa mara ya kwanza nimeuomba ugonjwa wake usaidie. Unasaidia kwa nusu saa. Asubuhi huamka vizuri, ananiuliza kama umeandika, kama wale watoto wako wameanza shule. Nashusha pumzi. Kisha jirani anapita na sura ya kuhurumia, au yeye mwenyewe anaiona sehemu kitanda chako kilipokuwa, anasimama, anakumbuka. Na anaupokea msiba upya kama vile ndiyo kwanza anaambiwa. Hivyo ndivyo siku zetu zilivyo. Kila siku unamfia, Mapengo, na mimi nipo pale na bakuli la uji.

Nimesema kitanda kilipokuwa. Amekigawa. Amegawa baiskeli yako, amegawa yale mashati yako ya shule aliyokataa kuyagawa miaka yote. Juzi nilimkuta uani amelitoboa godoro lako, lile alilokushonea mwenyewe, ameitoa sufi yote na anaipiga kwa fimbo. Nilisimama nyuma ya mlango nikisubiri aanze kuimba. Hakuimba. Ni fimbo tu. Nikamwuliza anatengeneza la nani, akasema aliyekwenda hahitaji pa kulala, kuna wenye shida. Sufi ilikuwa imemjaa nywele na alikuwa hajala tangu jana yake.

Daktari wa zahanati amemwona. Anasema mwili hauna ugonjwa mpya, ila mtu wa umri wake akiacha kula huisha haraka. Aliongea maneno mengi ya kitaalamu nami nikamwomba aniambie kwa Kiswahili cha Fundi Spika. Akasema, "Hatafika mwisho wa mwaka akiendelea hivi." Hilo neno sikulibadilisha, nimekuletea lilivyo.

Ukatibu nimeacha. Hakuna aliyenifukuza, niliandika barua mwenyewe, mistari miwili, na nikampa Fundi Spika aisome kwanza aone kama inaeleweka.

Sasa nisikilize. Ulipodhani amekufa, ruhusa ulipata siku hiyohiyo. Ulipoambiwa yu hai, ukairudisha, ukasema utakuja mwakani kazi ikipungua. Sikusimangi. Ningekuwa mimi huenda ningefanya vivyo hivyo, sote tunadhani aliye hai anaweza kusubiri. Lakini mama yako hasubiri tena, maana kwake hakuna anayekuja. Sauti haitoshi, picha haitoshi, na mimi ndiye mtu wa mwisho atakayeaminiwa kisiwani hapa nikitangaza jambo. Inatakiwa akushike. Akushike uso na masikio hayo uliyorithi kwake, akugombeze kwa kukonda. Rudi kwa bosi wako. Mwambie kuna msiba nyumbani, mama mzazi. Hutakuwa umesema uongo.

Njoo kabla ya mwezi kwisha. Usinipigie kujadili. Niandikie tu siku ya kivuko.

Binti yangu anakusalimia. Waitikiaji wa mama yako wanakusalimia, wanalala kwake kwa zamu na wanamchekesha inapowezekana. Fundi Spika anakusalimia na anasema hana kinyongo na mtu. Mkata tiketi naye anakusalimia, ananiepuka njiani, maskini, na ameanza kusoma saa za kuondoka kwa furaha mpaka abiria wanamshangaa. Nisalimie sana wifi yangu, mwambie asikuzuie. Wabusu watoto. Mungu awalinde mkiwa ndani na mkiwa njiani, na akupe moyo mwepesi wa kunisamehe, hata kama ni baadaye.

Mama yako sina salamu zake za kukupa. Nilimwuliza leo asubuhi niandike nini kutoka kwake. Akaniuliza barua ni ya nani. Nikamwambia ni yako. Aliiangalia kalamu, akaiangalia karatasi, kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili akaniambia, "Pole, mwanangu."

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata unaponikatia simu,

Kamusi